UZI: Nimeacha kuhesabu vitabu, sasa narudia vilevile. Nyie wenzangu mnasomaje?

#1 Penseli Butu

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nasoma vitabu tangu nikiwa mdogo, na kwa miaka mingi nilikuwa na daftari la kuandikia kila kitabu nilichomaliza. Namba, jina, tarehe. Mwaka mmoja nilifika 61, nikajiona bingwa. Baadaye nikakaa na lile daftari, nikawa napitia orodha ya mwaka ule jina baada ya jina, najiuliza: hiki kilihusu nini? Vitabu 19 sikukumbuka chochote. Sisemi nilisahau jina la mhusika, hilo la kawaida. Nasema hata kama kilikuwa riwaya au kitabu cha historia sikuwa na hakika. Kimoja nilikuwa nimekiandika mara mbili, Februari na Oktoba, na Oktoba yenyewe wala sikushtuka kwamba nimeshakisoma.

Daftari likaishia hapo.

Siku hizi vitabu vipya kwa mwaka ni kama kumi na mbili, vikizidi sana kumi na tano. Muda unaobaki narudia nilivyokwisha kuvisoma. Nasoma na penseli mkononi, tena butu, maana iliyochongwa sana inakwaruza karatasi, na ukija kufuta unakuta imeacha mfereji. Simu inalala chumba kingine. Nikimaliza kitabu, kwenye ukurasa mtupu wa mwisho naandika tarehe na mistari miwili mitatu ya nilivyokiona.

Hili la mwisho sikulibuni mimi. Montaigne, yule Mfaransa wa karne ya 16, alilalamika kwamba kumbukumbu yake ni mbovu kiasi cha kuokota kitabu akidhani ni kipya, kumbe alishakisoma miaka ya nyuma na kukijaza maandishi yake mwenyewe. Kwa hiyo akajizoeza kuandika mwishoni mwa kitabu siku aliyokimaliza na maoni yake kwa jumla. Nilipokutana na habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe ugonjwa wa Februari na Oktoba una wazee wake.

Niwape mfano wa faida yake. Nakala yangu ya Kusadikika ya Shaaban Robert, riwaya iliyotoka 1951, ina maandishi matatu mwishoni. La kwanza ni la enzi za shule, kwa kalamu ya wino (nilikuwa sijastaarabika): "Dhamira: uongozi mbaya, haki, ujasiri. Wahusika: Karama, Majivuno, Mfalme." Basi. Mtu aliingia kwenye nyumba ya watu, akahesabu milango, akatoka. La pili ni la miaka kumi na kitu baadaye: "Kumbe kinachekesha!" Ile nchi inaelea hewani, wajumbe wake sita wanatumwa kila upande mpaka mbinguni, wanarudi na habari za manufaa, wanatiwa kifungoni. Shuleni nililijua hilo kama jibu la mtihani, sikuwahi kuliona kama kichekesho cha mtu aliyeandika huku nchi yake iko chini ya wakoloni. La tatu ni la mwaka juzi: "Kosa la Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Hilo tu. Na Majivuno anayemshtaki hana hoja, ana cheo."

Kitabu ni kilekile, hakijaongezwa hata nukta.

Kwa hiyo msimamo wangu siku hizi: kitabu ambacho sijakirudia sithubutu kukiita kipenzi. Nakiita mgeni. Vipenzi vyangu ni vichache, na vyote vimeshapigwa penseli mara tatu kwenda juu: hicho nilichokitaja, Rosa Mistika ya Kezilahabi, vitabu vya mpelelezi Bwana Msa, na tafsiri ya riwaya ya Gurnah, Peponi, inakuja kwa kasi. Halafu kuna Nagona, ya Kezilahabi vilevile, ambayo sijui niiweke wapi. Ni kijitabu chembamba, cha 1990, na mwishoni mwake nimeandika hivi:

Mara ya kwanza: "Sijaelewa."
Mara ya pili: "Sijaelewa, ila sasa najua ninapopotelea. Ni ukurasa wa tano."
Mara ya tatu: "Nimepotelea mbele zaidi."

Nyie mnasomaje? Mnarudia? Mnahesabu? Mnaandika kwenye vitabu au ni dhambi? Leteni.

#2 Nzi wa Kijani

Nimesoma uzi wote mpaka mwisho. Hicho ndicho kitabu changu cha mwezi huu, naomba mnihesabie.

#3 Mla Kurasa

Mkuu Penseli, nakuheshimu lakini hapa nakupinga.

Mimi nahesabu na sioni haya. Lengo ni 52 kwa mwaka, kimoja kwa wiki, na miaka mingi nafika. Nisipojiwekea namba, najijua, nitakaa na kitabu kimoja miezi mitatu nikidanganya watu kwamba "nakitafakari". Namba ndiyo inayoniinua kitini.

Na hili la kusahau mnalikuza. Vitabu 19 hukumbuki, sawa. Chakula ulichokula mwezi wa tatu mwaka ule unakikumbuka? Na mwili ulipata nguvu au haukupata? Najua kuna watakaoniletea habari za Ebbinghaus, yule Mjerumani wa 1885 aliyepima kusahau akagundua kwamba sehemu kubwa ya unachojifunza inapotea mapema sana. Sawa, lakini alijipima mwenyewe, na alichokariri ni silabi zisizo na maana yoyote. Riwaya si silabi. Mimi jina la mhusika linaweza kunitoka, lakini kile kibaridi nilichopata alipofungua mlango akakuta nyumba tupu hakijanitoka.

Ninachokubaliana nawe ni kimoja: kitabu kibaya kisikulie muda. Nafuata kanuni ya mkutubi mmoja wa Marekani, Nancy Pearl. Kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukivuka miaka 50 ya umri, toa umri wako kwenye 100, zinazobaki ndizo kurasa za kukivumilia. Mwenye miaka 70 anavumilia 30 tu. Nimeipenda kwa sababu ina adabu, inajua kwamba mzee hana muda wa kuchezewa.

Kurudia? Kuna vitabu vinanisubiri kwenye rafu mpaka naona aibu kuvitazama. Wajapani wana neno la hali hiyo, tsundoku, kununua vitabu na kuvirundika bila kuvisoma. Nirudie nini, na hivi vipya vinanikodolea macho?

#4 Mama Dakika Kumi

Hodi humu. Nyie mnaobishana vitabu 12 au 52, naomba niwakaribishe kwetu sisi tunaosoma kwa dakika.

Nina watoto watatu, wa mwisho hajatimiza miaka miwili. Muda wangu wa kusoma ni dakika kumi, na hizo kumi sijui zitaangukia saa ngapi. Kwa muda mrefu tatizo langu halikuwa kupata hizo dakika, lilikuwa kurudi. Nafungua kitabu nilichokiacha juzi, dakika nne za kwanza nazitumia kukumbuka huyu ni nani na kwa nini analia. Zinabaki sita. Mtoto naye anaamka.

Dawa niliyoipata ni ndogo mpaka naona haya kuiandika. Kile kikaratasi cha kuwekea alama nimekikata kirefu, upana wa vidole viwili. Kila ninapofunga kitabu naandika juu yake mstari mmoja wa pale nilipoachia. Sasa hivi ninacho hapa cha kitabu ninachosoma, nawanakilia:

"Kaondoka bila kuaga. Barua bado iko mfukoni."
"Mvua. Mama mkwe anajua, anajifanya hajui."
"Barua imelowa!!"
"Sijaelewa huyu mwenye baiskeli ametoka wapi."
"Aa, ni yule kaka."

Nikifungua tena nasoma mstari wa mwisho tu, naingia moja kwa moja. Kitabu kikiisha, kikaratasi nakiacha humohumo ndani. Mkuu Penseli, nadhani hayo ndiyo maandishi yako ya mwisho wa kitabu, ila mimi nayaandika njiani kwa sababu sina hakika nitafika.

Na ushairi, jamani. Mwenye dakika kumi asidharau ushairi. Shairi unalisoma mara tatu, dakika kumi hazijaisha, na ukienda kufua linakufuata hukohuko.

#5 Penseli Butu

Dada Dakika Kumi, "Aa, ni yule kaka" nimecheka mpaka nimeulizwa nina nini. Hilo la kikaratasi naliiba, sikuombi ruhusa.

Mla Kurasa, hoja ya chakula ni nzuri na sina jibu lake kamili. Ila nikuulize: hicho kibaridi cha mlango na nyumba tupu, ni cha kitabu gani?

#6 Mla Kurasa

Sikumbuki 😂

Lakini kibaridi ninacho!

#7 Shabiki wa Kiko

Nimeona mtu kamtaja Bwana Msa nikasema leo silali.

Watu huwa wananicheka nikisema narudia hadithi za upelelezi. "Unarudia nini na muuaji unamjua?" Ndiyo kwanza zinaanza kunoga! Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka 1960, nimeisoma sijui mara ngapi. Mara ya kwanza unatembea na Najum, yule rafiki anayefuatana na Bwana Msa. Unaona anachoona, unashangaa anaposhangaa. Ukirudia unatembea na Bwana Msa mwenyewe. Anapopuliza kiko chake akanyamaza, mara ya kwanza unadhani anavuta tu. Mara ya pili unajua kabisa ameona nini, na unajua kwamba na wewe ulikionyeshwa, palepale mbele ya macho, ukakiruka ukidhani ni maelezo ya mapambo.

Mimi nina mchezo wangu. Nikirudia hadithi ya upelelezi naweka nukta ndogo ya penseli kila mahali mwandishi aliponidanganya bila kusema uongo. Mwishoni nahesabu. Nukta zikiwa nyingi, mwandishi ni fundi. Nikikuta amedanganya kwa kuficha tu, yaani alinyima taarifa halafu akaitoa mfukoni ukurasa wa mwisho kama mwenye mazingaombwe, kitabu hicho hakirudi kitandani kwangu.

Vya kutisha sisomi usiku. Hilo halina falsafa, naogopa tu.

#8 Karatasi Safi

Samahanini, mimi nimekwama kwenye hili la kuandika ndani ya vitabu. Penseli, kikaratasi, nukta... Kitabu ni kitu cha kutunza! Mimi kitabu changu ukikikuta baada ya miaka kumi utadhani kimetoka dukani leo. Sikunji ncha ya ukurasa, sikilazi kifudifudi, sifungui mpaka mgongo ukalia.

Na sababu ninayo. Kuna mtu wa karibu, simtaji, nilimwazima riwaya ya jalada gumu niliyoitafuta miaka. Alikaa nayo mwaka na nusu. Kila nikimuuliza, "nakaribia kumaliza". Iliporudi ilikuwa na mistari ya kalamu ya rangi ya manjano karibu kila ukurasa. Kila ukurasa! Sasa kama yote ni muhimu, umeweka alama ya nini? Halafu ukurasa wa 112 kulikuwa na namba ya simu na neno "fundi bomba". Sikusema kitu. Nilishukuru, nikaingia ndani, nikaiweka kwenye boksi, na mpaka leo siwezi kuisoma kwa sababu jicho linakimbilia manjano badala ya maneno.

Tangu siku hiyo siazimi. Ukitaka kitabu changu njoo ukisomee hapa, kiti kipo.

#9 Shabiki wa Kiko

Fundi bomba alipatikana lakini?

#10 Karatasi Safi

Usinichokoze mkuu.

#11 Penseli Butu

Pole sana Karatasi Safi. Ya manjano ni jinai, wala sitetei. Tena hapo una hoja kubwa kuliko usafi: alama ya mtu mwingine inakuamulia pa kutazama.

Lakini nikusimulie la kwangu, kisha uniambie.

Rosa Mistika ilitoka 1971, na wengi mnajua ilivyopigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kukubaliwa. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa kijana, nikawa upande wa Rosa bila kufikiri. Zakaria, baba yake, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wote. Pambizoni pale pale penye kipigo niliandika "Zakaria huyu!!" na penseli ikakaribia kuvunjika, unaiona ilivyokandamizwa.

Nimekuja kuisoma tena nina binti wa miaka 13. Nikafika kwenye ule ukurasa, nikaona mwandiko wangu, nikatabasamu, nikaendelea. Sikuongeza neno. Wiki ileile, na hili nalisema kwa sababu humu hatujuani, nilikuwa nimechukua simu ya binti yangu akiwa amelala, nikasoma meseji zake zote na rafiki zake. Sikuona uhusiano wowote. Zakaria alikuwa mlevi na mpigaji, mimi ni baba mpole mwenye penseli.

Binti alipofika kidato cha tatu akakitoa kile kitabu kwenye rafu mwenyewe, akakisoma. Sikujua. Nilikuja kujua niliporudia mara ya tatu. Chini ya "Zakaria huyu!!", kwa kalamu ya bluu, mwandiko mdogo ulionyooka: "Na wewe je?"

Kumbe alijua kuhusu simu. Alijua siku zote, na hakuwahi kusema.

Nilikaa na ule ukurasa jioni nzima. Baadaye tukazungumza, si vizuri sana, lakini tukazungumza. Sasa Karatasi Safi, nakala ile ikiungua nitalia, na nakala mpya ya kitabu hichohicho, safi kama unavyopenda, haitanifaa kitu.

#12 Karatasi Safi

Sawa.

Hilo nimelikubali. Ila kwa penseli, na kwa mwenye nyumba tu. Fundi bomba hapana.

#13 Sikio Wazi

Vijana, nimefuatilia kwa utulivu. Nimefuatilia kwa kusikiliza, maana simu ndiyo inayonisomea. Macho yalianza kuniacha miaka kadhaa iliyopita, sasa naona mwanga na vivuli, maandishi hapana.

Nilidhani usomaji wangu umekwisha. Rafu nzima ya vitabu, na kila kimoja kimegeuka tofali. Mwanzoni nilikataa kabisa kusomewa, nikiona ni kama kulishwa. Aliyenibadilisha ni mjukuu wangu, ambaye alianza kunisomea Peponi bila kuniomba. Ile ya Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel 2021. Kiingereza chake ni cha 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitoka 2022. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza zamani, kwa macho yangu. Yule kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri ambaye yeye anamjua kama ndugu wa familia, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Kisa nilikijua. Lakini mjukuu aliposoma, niliwasikia wale watu kwa mara ya kwanza. Walikuwa wakisema Kiswahili tangu mwanzo, mimi nilikuwa nimewasikia kwa mkalimani.

Sasa swali langu kwenu. Kuna watu wananiambia kusikiliza si kusoma. Mla Kurasa, wewe ukisikiliza kitabu unakihesabu kwenye 52 zako?

Na neno moja kwa Penseli. Hicho kijitabu kinachokushinda, umewahi kukisoma kwa sauti? Nilikisoma zamani mimi, kimya kimya kama wewe, nikakwama kama wewe. Siku hizi nawaza kwamba huenda tulikipeleka macho mahali palipotaka koo.

#14 Mla Kurasa

Shikamoo mzee. Swali lako limenikamata vibaya. Nilikuwa sivihesabu. Nilikuwa navisikiliza njiani halafu nasema "hivi ni vya ziada". Kuanzia leo vinahesabiwa. Naona nitafika 52 mapema mwaka huu 😄

#15 Mama Dakika Kumi

Shikamoo babu. Mimi nasoma kwa sauti kila siku kwa lazima, na nakuunga mkono. Kitabu cha watoto kikiwa kimeandikwa vibaya ulimi unajua kabla ya akili, unajikwaa palepale kila usiku. Vilivyoandikwa vizuri unavisoma mara arobaini na bado vinateleza. Wa kati wangu nikiruka sentensi moja ananirudisha, na bado kusoma hajui.

Kuna mwandishi wa Kifaransa, Daniel Pennac, aliyeorodhesha haki kumi za msomaji mwaka 1992. Ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu, hiyo ya Mla Kurasa. Ya nne ni haki ya kurudia, hiyo ya Penseli. Ya tisa ni kusoma kwa sauti. Ya kumi ni haki ya kunyamaza, yaani kutoulizwa umesoma nini. Mimi nimeongeza ya kumi na moja: haki ya kulala na kitabu usoni.

#16 Penseli Butu

Shikamoo mzee Sikio Wazi. Nashukuru kwa kutuandikia.

Wanaosema kusikiliza si kusoma nadhani wanasahau kwamba sisi wa kusoma kimya ndio tuliokuja nyuma. Kuna habari ya Mtakatifu Augustino, karne ya 4, anamsimulia Ambrosi, askofu wa Milano, kwamba alikuwa akisoma macho yanapita kwenye kurasa na sauti imetulia kimya. Augustino aliliona ni jambo la kuandikwa, akaanza na kutafuta sababu: pengine anatunza koo, pengine hataki wageni wamuulize maswali. Na kwetu ni hivyohivyo. Utendi wa Tambuka ni wa 1728, na tenzi hazikutungwa ili mtu azitazame kwa kimya pembeni, zilitungwa zighanwe watu wamekaa.

Nikisoma kwa sauti najisikia mpumbavu, huo ndio ukweli. Nyumba nzima inauliza nazungumza na nani. Lakini nimekuelewa, mzee. Nagona nitaisoma kwa sauti, yote, halafu nitarudi hapa.

#17 Nzi wa Kijani

Jamani nje ya mada kidogo. Chupa ya maji imenimwagikia kwenye begi, kitabu kimelowa nusu, na ni cha kuazima. Nifanyeje? Nimekiweka juani.

#18 Karatasi Safi

KITOE JUANI! Jua litakikunja na kukipausha. Kama kimelowa kidogo, kisimamishe wima kurasa zikiwa zimefunguka kama feni, penye upepo, katikati weka karatasi nyeupe zinazonyonya maji na uzibadilishe kila mara. Usitumie gazeti, wino wake unahamia kwenye kurasa. Kama kimelowa sana na huna muda wa kukihudumia leo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiweke kwenye friza. Usicheke. Hata wataalamu wa kutunza vitabu hugandisha vilivyolowa, maana baridi inazuia ukungu mpaka upate nafasi ya kuvikausha taratibu. Kikishakauka, kikandamize chini ya vitabu vizito siku kadhaa.

Na mwenye kitabu umwambie. Kabla hajakuta mwenyewe.

#19 Nzi wa Kijani

Kipo friza. Mwenye kitabu nimemwambia, kasema pole, halafu akaniuliza kama nilishakisoma. Sijakisoma.

#20 Penseli Butu

Nimerudi, zimepita siku tisa.

Nilianza Jumapili. Nilifunga mlango, nikasimama (nikikaa sauti inalala), nikaanza Nagona ukurasa wa kwanza. Mpaka ukurasa wa tatu nilikuwa nasoma kama mtangazaji wa habari, nikajichukia. Mzee Sikio Wazi hakuniambia kwamba kuna namna. Nikapunguza mwendo. Sentensi zake ni fupi, na ukizipa pumzi kila moja inasimama peke yake, hazidai uzifunge kamba moja na nyingine. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea kwa macho: nilikuwa nakimbilia sentensi inayofuata ili inieleze iliyopita.

Ukurasa wa tano nikaupita. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nimeshaupita.

Siku ya tatu binti yangu akabisha mlango, yuko likizo ya chuo. Akauliza, "Baba, unasoma au unaomba?" Nikamwonyesha kitabu. Akakaa sakafuni, nikaendelea. Nilipochoka koo akakichukua yeye. Anasoma vizuri kuliko mimi, hana haraka. Kuna mahali alisimama akarudia sentensi ileile mara mbili bila kuniangalia, mimi nikaelewa kitu ambacho sasa hivi siwezi kukiandika hapa, na nikikilazimisha kitaharibika.

Jana usiku tumemaliza. Nikafungua ukurasa wa mwisho niandike, penseli sikuiona, yeye ndiye alikuwa nayo. Kwa hiyo maandishi ya mara ya nne ni mwandiko wake. Kaweka tarehe, kisha:

"Baba anasema ameelewa. Nimemwomba anieleze. Anatafuta miwani."

#21 Sikio Wazi

Mwambie binti aje anisomee na mimi. Miwani sina haja nayo.

#22 Mla Kurasa

Mkuu, hicho unakihesabu ni cha ngapi?